Kiu ya Sigara Ikikubana, na Siku Utakayoteleza

Wengi wanaojaribu kuacha sigara bila msaada wowote huwa wamesharudi kuvuta kabla siku kumi hazijaisha. Ukiwauliza kilichowarudisha, ni nadra kutajiwa jambo kubwa. Ilikuwa jioni, kazi imechosha, mwenzao akatoa pakiti, basi. Kwa hiyo hapa sitasema lolote juu ya madhara ya tumbaku. Kama unasoma haya, madhara unayajua, na pengine pakiti yenyewe imekuonya kwa maandishi makubwa. Tutashughulika na mambo mawili: ufanye nini kiu inapokushika, na ufanye nini ukishavuta ile moja uliyoapa hutaivuta. Hilo la pili ndilo linaloamua mengi, na ndilo watu huliacha bila maandalizi.

Ujue kwanza kinachokubana

Nikotini inayovutwa pamoja na moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko huamsha dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hisia ya raha, na mvutaji akapata ahueni. Ila haidumu. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini iliyomo kwenye damu huwa imekwisha. Mtu anayevuta kutwa nzima akilala usiku kucha huamka akiwa na upungufu, ndiyo maana ile sigara ya alfajiri huonekana tamu kuliko zote. Kile anachokiita kutuliza mawazo mara nyingi ni kuituliza arosto iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Hiyo ndiyo kiu ya mwili. Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Dalili zake ni hasira za karibu, kukosa utulivu, akili kutotulia kwenye kazi, usingizi wa vipande vipande, huzuni isiyo na sababu, na njaa. Ukizipata hujaugua. Ubongo uliozoea kusaidiwa na nikotini unajifunza upya kujitegemea.

Kiu ya pili ni ya mazoea. Fanya hesabu: anayevuta sigara 20 kwa siku, kila moja akiivuta mara kumi, anapeleka mkono mdomoni mara 200 kwa siku, zaidi ya mara 70,000 kwa mwaka. Kila mara mkono huo ulipopanda kulikuwa na kitu pembeni: kikombe cha kahawa, simu, ugomvi, usukani wa gari, mlango wa nyuma wa ofisi. Ubongo umevifunga vitu hivyo pamoja. Kiu hii haifuati kalenda ya wiki nne. Inaweza kukaa kimya miezi mitano, kisha ukikutana na rafiki wa zamani ikakushika kana kwamba uliacha jana.

Dawa za kiu hizi mbili ni tofauti. Ya mwili hutulizwa na dawa za hospitali au duka la dawa. Ya mazoea huvunjwa kwa mpango. Anayetegemea nia peke yake hupambana na zote mbili kwa wakati mmoja, akiwa hana usingizi.

Hatua ya kwanza: andika saa zako kabla hujaacha

Chagua siku ya kuacha iliyo ndani ya wiki mbili zijazo. Ikiwa mbali zaidi ya hapo, azma hupoa. Usiiweke katikati ya mtihani au msiba, lakini pia usingoje wiki isiyo na shida, kwa kuwa wiki hiyo haiji.

Kwa siku nne au tano kabla ya siku hiyo, endelea kuvuta kama kawaida ila kila sigara uiandike kabla ya kuiwasha. Karatasi iliyofungwa kwenye pakiti kwa mpira inatosha. Andika saa, ulipo, uliye naye, unachohisi, na kiu ina nguvu kiasi gani kati ya 1 na 10. Huenda ukashangaa kuona ni nyingi kiasi gani zilikuwa za 2 au 3, zimewashwa kwa kuwa mkono ulikuwa mtupu tu. Hizo hazitakusumbua sana. Zile za 8 na 9 ndizo za kupangia, na kwa kawaida si nyingi hivyo.

Kila moja ya hizo nzito iandikie jibu kwa mtindo wa "ikiwa... basi...". Sentensi kama "nitajizuia" usiihesabu kuwa mpango, kwa kuwa haikwambii miguu na mikono ifanye nini. Kwa mfano:

- Ikiwa nimemaliza kula, basi nanyanyuka palepale, naosha sahani yangu, napiga mswaki.
- Ikiwa mkubwa wangu wa kazi amenifokea, basi nashuka ngazi mpaka chini na kupanda tena kabla sijakaa.
- Ikiwa wenzangu wanatoka kwenda kuvuta, basi nabaki ndani na maji yangu, au natoka kwa mlango mwingine.
- Ikiwa nimeamka na kiu, basi naingia kuoga kwanza, kahawa baadaye.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, tupa sigara zote, viberiti na kisahani cha majivu. Hata ile ya akiba. Sigara iliyofichwa kwenye droo kwa ajili ya dharura hukaa ikingoja, na dharura haikosekani. Fua koti linalonuka moshi na safisha gari ndani.

Je, upunguze kidogo kidogo au ukate siku moja? Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha waliopunguza kwa wiki mbili na waliokata mara moja. Baada ya wiki nne, takribani 49 katika kila 100 wa kundi la kukata mara moja walikuwa hawavuti, na 39 katika kundi la kupunguza. Kwa hiyo kama unaweza, kata. Lakini kama umejaribu hivyo mara kadhaa ukashindwa, kupunguza kwa ratiba yenye tarehe ya mwisho ni bora kuliko kukaa bila kufanya lolote.

Hatua ya pili: usione haya kutumia dawa

Kuna wanaoona kwamba kutumia dawa ni kukosa ujasiri. Sikubaliani nao hata kidogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza chingamu na plasta za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na mwaka 2024 likatoa mwongozo wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima unaopendekeza dawa hizo sambamba na ushauri nasaha. Hakuna anayemcheka mgonjwa wa shinikizo la damu kwa kumeza vidonge.

Hofu ya pili ni kwamba nikotini ya dawa ni sumu ileile. Nikotini ndiyo inayokufunga, ni kweli. Lakini saratani na magonjwa ya mapafu huletwa zaidi na moshi: lami, gesi ya kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali nyingine zinazotokana na kuungua kwa tumbaku. Plasta haina moshi. Tena nikotini yake huingia taratibu, haina ule mshtuko wa sekunde 10 unaoujenga uraibu.

Plasta hubandikwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele nyingi: juu ya mkono, kifuani au nyongani. Kesho yake badilisha mahali ili ngozi isiwashwe. Anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na plasta yenye nguvu kubwa, miligramu 21 kwa zile za saa 24, kisha hushuka hatua kwa hatua kwa wiki nane hadi kumi na mbili. Ikikuletea ndoto kali, ibandue kabla ya kulala.

Chingamu ya nikotini watu wengi huitumia vibaya, halafu husema haifanyi kazi. Haitafunwi kama ya kawaida. Itafune polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, kisha ibane kati ya fizi na shavu, uiache hapo. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, ibane upande mwingine. Endelea hivyo kwa nusu saa hivi. Nikotini inatakiwa iingie kupitia ngozi laini ya kinywa. Ukitafuna harakaharaka utaimeza, na utakachoambulia ni kwikwi na kiungulia. Usinywe kahawa, juisi wala soda dakika 15 kabla ya kuitumia wala ukiwa nayo mdomoni, maana uchachu huzuia nikotini kupenya. Kama sigara yako ya kwanza huiwasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, unahitaji ya miligramu 4. Kama ni baadaye, miligramu 2 hutosha.

La muhimu kuliko yote hapa: tumia vyote viwili. Plasta inashikilia kiwango cha chini cha nikotini kutwa nzima, na chingamu au peremende ya nikotini inashughulikia kiu inayoruka ghafla. Wanaochanganya hivyo hufaulu zaidi ya wanaotumia kimoja, na hilo tafiti zimelionyesha tena na tena. Kosa la kawaida ni kutumia dawa kidogo mno na kuiacha mapema mno.

Zipo pia dawa za vidonge zinazohitaji daktari. Vareniklini hushika sehemu zilezile za ubongo zinazopokea nikotini, lakini huziamsha kidogo tu. Kiu hupungua, na hata ukivuta, sigara haikupi raha uliyoizoea. Huanzwa kama wiki moja kabla ya siku ya kuacha na hutumika kwa wiki 12. Kichefuchefu ndilo lalamiko kubwa, kwa hiyo imeze baada ya kula na glasi nzima ya maji. Bupropioni nayo husaidia, ila haifai kwa mtu mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege. Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, na aliyepata mshtuko wa moyo hivi karibuni waongee na mhudumu wa afya kabla ya kugusa dawa yoyote kati ya hizi.

Hata kama dawa huzipati, usiahirishe. Mazungumzo mafupi na mhudumu wa afya, yakifuatiwa na mtu wa kukuuliza hali yako kila wiki, yana uzito wake.

Hatua ya tatu: dakika zenyewe

Kiu moja, hata kali, kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika tano hivi, na hushuka hata usipovuta. Mvutaji huwa hajui hilo, kwa sababu kila ilipopanda aliikatiza kwa kuwasha sigara. Hajawahi kuiona ikiisha yenyewe. Basi kazi yako ya wiki ya kwanza ni kuiona ikiisha, mara moja, mara mbili, mpaka mwili uamini.

Ikikushika, tazama saa. Usijiambie "sitavuta tena maisha yangu yote", maana hapo utakuwa umejitwisha miaka 40 katika dakika ambayo huna nguvu. Jiambie hadi saa fulani na dakika kumi. Hapohapo badilisha mahali: kama umekaa, simama; kama uko ndani, toka; kama uko nje na wavutaji, ingia ndani. Kunywa maji kwa mafunda madogo madogo. Vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo lijae, iachie kwa mdomo polepole kuliko ulivyoivuta, rudia mara kumi. Hilo la pumzi lisidharauliwe: sehemu ya utulivu uliokuwa ukiupata kwenye sigara ilikuwa ni ile hewa ndefu uliyoivuta ukiwa umeacha kazi kwa muda. Hewa hiyo unaweza kuipata bila moshi.

Mikono ipe kitu. Kalamu, shanga, kipande cha karoti, kijiti cha mdalasini. Ikiwezekana, tembea. Hata mwendo wa haraka wa dakika kumi hupunguza kiu wakati unatembea na kwa muda baada yake. Na kama una chingamu ya nikotini, usiingoje kiu ifike 9 ndipo uitafune. Inachukua dakika kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo itangulize: kama unajua saa kumi ndiyo saa yako mbaya, tafuna kabla haijafika.

Kuna njia nyingine kwa wale ambao kupigana na kiu huwachosha. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyefanya kazi Marekani akichunguza kwa nini watu walioacha vilevi huvirudia, aliwafundisha wagonjwa wake kuitazama kiu kama wimbi la bahari: hulisukumi, hulikimbii, unakaa juu yake mpaka livunjike. Kaa kimya, funga macho, itafute kiu mwilini. Iko wapi? Kooni, kifuani, viganjani, kwenye taya? Ina joto? Inabana au inawasha? Inaongezeka au inapungua sasa hivi? Ielezee moyoni kama daktari anayeandika dalili za mgonjwa mwingine. Mara ya kwanza utaona upuuzi. Ijaribu tena kabla hujaihukumu.

Usilolifanya kamwe ni kujadiliana nayo. Kiu ina hoja nzuri sana: moja tu, leo ilikuwa siku ngumu, nitaacha vizuri zaidi mwezi ujao, babu alivuta akafika miaka 90. Ukianza kujibu hoja, umeshakaa naye meza moja. Inuka, utembee.

Hatua ya nne: kahawa, pombe na watu

Jambo la kahawa wengi hawaambiwi. Moshi wa tumbaku huchochea ini kuisaga kafeini upesi. Ukiacha moshi, ini hupunguza kasi, na kikombe kilekile ulichozoea huacha kafeini nyingi zaidi kwenye damu, hata maradufu. Matokeo yake ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupaa, na wewe unadhani ni arosto ya sigara. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Chai kali ihesabu vilevile.

Kwa sababu hiyohiyo ya ini, anayetumia klozapini au olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) au theofilini (dawa ya pumu) lazima amwambie daktari kabla ya kuacha, kwani kipimo cha dawa huenda kikahitaji kupunguzwa. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo.

Pombe ni hadithi nyingine. Inalegeza breki za akili wakati uleule ambao mazoea yanadai sigara. Kama unakunywa, ushauri wangu ni usiguse kabisa kwa mwezi wa kwanza, au angalau ukae mbali na pale unapokunywa na wavutaji. Najua ni gharama kwa urafiki. Ni ya mwezi mmoja.

Watu wenyewe waambie mapema na kwa maneno machache. Maelezo marefu hufungua mjadala. Rafiki akikunyooshea pakiti, "Kaka, chukua moja," inatosha kusema, "Asante, nimeacha." Akisisitiza: "Nimeacha, naomba usinipe hata nikikuomba." Sentensi hiyo ya mwisho ni nzuri kuisema kabla ya siku mbaya kufika. Kama unayeishi naye anavuta, usimlazimishe aache nawe. Muombe mambo mawili tu, asivute ndani ya nyumba na asiache pakiti mahali unapoiona. Na uwaombe radhi watu wa nyumbani tangu mwanzo kwa hasira za wiki mbili tatu. Wakijua zinatoka wapi, watakuvumilia, na hakuna atakayekwambia "bora uvute tu".

Mwili utakaolalamika

Kikohozi kinaweza kuongezeka kwa wiki kadhaa, kwa kuwa vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa vinaanza kazi tena na kutoa makohozi. Choo kinaweza kuwa kigumu. Maji, matunda na kutembea husaidia. Vidonda vidogo mdomoni hutokea na kupona. Ukikohoa damu au kubanwa kifua, nenda hospitali, usisingizie kuacha sigara.

Uzito: kwa wastani watu huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, sehemu kubwa ikiwa miezi mitatu ya mwanzo, ingawa wapo wasioongezeka na wapo wanaopungua. Usianze kujinyima chakula wiki ileile unayoacha sigara. Njaa na kiu zikikutana, kiu hushinda. Tembea zaidi, weka vitafunio visivyo na sukari karibu, kilo zishughulikie baada ya miezi mitatu.

Huzuni ya wiki mbili tatu hutarajiwa. Ikizidi hapo, au ukianza kufikiria kujidhuru, mwone mtaalamu siku hiyohiyo, na mwambie kwamba umeacha sigara karibuni.

Hatua ya tano: umeteleza

Sasa tufike penyewe. Ulikuwa na wiki tatu safi, ukaenda harusini, ukavuta mbili.

Niseme ukweli wote. Wengi wanaovuta hata moja katika wiki za mwanzo huishia kurudi kabisa, kwa hiyo "moja tu" haina usalama wowote. Lakini sigara hiyo moja pekee haina nguvu ya kurudisha uraibu wa miaka. Kinachowarudisha wengi ni yale wanayojiambia asubuhi yake. Marlatt huyohuyo na mwenzake Judith Gordon waliieleza hali hiyo tangu miaka ya 1980: mtu aliyejiwekea sharti la kutogusa kabisa, akiligusa mara moja huona ameshavunja kila kitu, hujiona dhaifu kwa asili, huona aibu, na aibu hiyo anaituliza kwa kitu alichozoea kujituliza nacho. Yaani sigara ya tatu huvutwa kwa ajili ya ile ya pili.

Kwa hiyo andaa saa ya baada ya kuteleza ukiwa bado hujateleza. Iandike nyuma ya ile karatasi ya "ikiwa... basi...", uitunze kwenye simu au pochi. Yangu ingekuwa hivi.

Zima sigara hiyo hata kama ni nusu. Kama umenunua pakiti, iloweshe maji na kuitupa sasa hivi, usiifikirie hela. Pakiti iliyobaki mfukoni ndiyo itakayoamua kesho. Ondoka mahali hapo. Kama uko kwenye plasta, usiibandue. Wengi huibandua kwa hofu ya nikotini kuzidi, na kwa kufanya hivyo huondoa ngao siku wanayoihitaji zaidi. Kuvuta sigara moja au mbili juu ya plasta kwa kawaida hakuleti hatari kubwa; ukisikia kichefuchefu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, hapo ndipo uitoe na utafute ushauri. Vidonge vya vareniklini navyo endelea navyo.

Kisha mwambie mtu mmoja, siku hiyohiyo. "Nimevuta mbili jana, leo sivuti." Usitafute mtu wa kukuhubiria, tafuta wa kukuuliza tena jioni.

Baada ya hapo kaa uandike kilichotokea bila kujitukana. Saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, nilikuwa nimekula, nilikuwa nimelala vizuri, nilikunywa nini, niliacha chingamu nyumbani? Tazama hasa saa mbili kabla ya sigara, si dakika ile ya kuiwasha. Karibu kila mara utakuta uamuzi mdogo uliotangulia: kukaa ile meza, kusema "nitawasindikiza tu nje", kutobeba chingamu kwa kuwa wiki iliyopita haikuhitajika. Huo uamuzi mdogo ndio unaoweza kuubadilisha. Andika "ikiwa" mpya.

Usijipe mpaka Jumatatu. Anayesema "wiki hii imeshaharibika, nitaanza upya Jumatatu" amejipa ruhusa ya siku tano za kuvuta, na ifikapo Jumatatu mwili umesharudi ulikokuwa. Kuanza upya ni sigara inayofuata: usiivute hiyo.

Swali la kuhesabu siku huwasumbua wengi. Je, urudi sifuri? Mimi naona hapana. Kama ulikaa siku 22, zimekaa. Sigara mbili hazizifuti. Andika "siku 22 bila kuvuta, siku moja nilivuta, leo sivuti". Wapo wanaopenda ukali wa kurudi sifuri na unawasaidia. Ila kama sifuri inakukatisha tamaa, hiyo hesabu itupe.

Ukiteleza mara ya pili na ya tatu kwa karibu karibu, acha kutazama tabia yako na utazame dawa. Huenda kipimo ni kidogo, huenda unatumia plasta peke yake, au uliacha kuitumia wiki ya nne ulipojiona umepona. Rudi kwa mhudumu wa afya na ile karatasi mkononi. Ni taarifa nzuri kuliko kumwambia tu kwamba umeshindwa.

Kama umerudi kabisa

Inatokea, na walioacha moja kwa moja wengi wao waliacha baada ya majaribio mengi. Panga siku mpya karibu, ndani ya wiki chache, wakati kumbukumbu ya kilichokuangusha bado mbichi. Usirudie mpango uleule. Chagua mambo mawili ya kubadilisha: kama ulikuwa peke yako, ongeza mtu, kama hukutumia dawa, tumia, kama ni pombe, iondoe.

Katikati ya hapo usihamie shisha ukidhani umepunguza. Maji hayachuji sumu, na kikao kimoja kirefu huingiza moshi mwingi kuliko wa sigara moja. Sigara zinazouzwa kama nyepesi nazo ni kujidanganya: mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi mpaka apate nikotini aliyoizoea.

Kiu ya miezi ya baadaye

Baada ya miezi mitatu kiu huja kwa nadra, na kwa sababu hiyo humkuta mtu hana silaha. Mara nyingi ina siku zake: msiba, ugomvi wa ndoa, safari ndefu, kufukuzwa kazi, na hata siku za furaha kubwa. Mara ya kwanza kupita kila moja ya hizo bila sigara ndiyo ngumu. Ya pili huwa nyepesi. Ukijua inakuja, ipangie kama ulivyopanga wiki ya kwanza.

Jihadhari pia na lile wazo linalojitokeza mtu akishajiona salama, kwamba sasa naweza kuvuta moja kwenye sherehe kama watu wengine. Hilo halitokani na arosto. Ni jaribio la kuona kama umepona, na jibu lake halina faida kwako.

Chingamu mbili tatu za nikotini zibaki kwenye mkoba au mfuko wa koti hata baada ya kumaliza matibabu. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi mara moja moja, na zilizopitwa na muda uzitupe ununue nyingine.